Siku mzee wa Kajiado alinifuata mlimani kuhakikisha kweli navua trout

Wakuu, salamu kutoka Kitengela. Hii sijatia chumvi. Mke wangu amesoma kabla nipost na hajakataa kitu.

Miaka ya mwanzo ya 2000s nilikuwa fundi wa pampu kwa shamba la maua hapa Kitengela. Mkamba, single, na ugonjwa mmoja: fly fishing.

Boss wangu wa zamani ndiye alinifunza. Unafunga manyoya ya kuku kwa ndoano ikae kama mdudu, unarusha juu ya maji, samaki wa trout anadanganyika. Januari kukiwa na jua, mito ya Mlima Kenya inakuwa safi mpaka unaona mawe chini. Kila off yangu iliishia huko.

Shida, nilitaka kuoa Naserian. Babake, mfugaji wa Kajiado, hakuamini hiyo story.

"Hakuna mwanaume anaenda kusimama kwa maji baridi bure," alimwambia Naserian. "Huyo ako na bibi mlimani."

Mambo ya posa yakasimama. Akasema atakuja kujionea.

Tukaenda na pickup ya rafiki yangu. Mzee alibeba shuka, rungu na flask ya chai.

Kwa wasiojua, wazee wengi wa Kimaasai hawali samaki. Huyu alimhesabu kama nyoka.

Nikaingia mtoni mpaka magoti. Yeye akakaa kwa jiwe. Asubuhi yote sikupata kitu. Mwishowe nikashika trout mmoja wa madoadoa. Nikamwonyesha, nikamrudisha majini.

"Umeiachilia?"

"Ndio, baba. Bado ni mdogo."

"Tumetoka Kajiado."

"Ndio, baba."

Akajimiminia chai. Kikombe kimoja.

Hapo ndio nyati alitoka msituni ng'ambo ya mto, akaja kunywa maji. Mto wenyewe ni mwembamba, ningemrushia ndoano ikamfikia. Nikageuka nikimbie.

"Ero, kijana, usisonge," mzee akasema polepole, kama mtu anaomba chumvi mezani. "Simama. Si hiyo ndio kazi yako?"

Nikasimama. Nyati akanywa, akaniangalia, akanywa tena.

Nikasikia maji yakisonga nyuma yangu. Mzee alikuwa ameingia mtoni na viatu vyake vya akala, rungu mkononi, akasimama kando yangu. Tulikaa hivyo mpaka nyati akashiba, akarudi msituni.

"Hii maji ni baridi," akasema. Hayo tu.

Jioni ya kesho yake, tumerudi kwake Kajiado, aliita ndugu zake. Mimi niko hapo, nimeinamisha kichwa.

"Nimechunguza," akawaambia. "Hakuna mwanamke huko. Hakuna mwanamke anaweza kubali kukaa pale. Kijana ni mgonjwa tu, na haiambukizi. Wacheni amuoe."

Funzo wakuu: mtu akikushuku, usibishane. Mbebe muende naye.

Nyinyi wakwe waliwapima na nini? Andikeni hapa chini. Na wa kuuliza kama siku hiyo nilirudi na samaki: hapana.