Mtumbwi wa rubisi

Jana jirani alikuwa anakamua ndizi kwa nyasi, harufu ikanifuata mpaka bondeni, kwenye mikaratusi. Nikavuka mto bila kukunja suruali, maji hayafiki hata kisiginoni.

Basi, utotoni mimi na dada tuliiba mtumbwi wa baba wa kukamulia rubisi, pombe ya ndizi, tukauingiza kwenye mto huohuo. Mto ulikuwa mpana, ukimwita mtu ng'ambo asubuhi, anaitika jioni. Katikati tukanasa kwenye jiwe. Maji yananguruma kama mafahali mia, mbele yamefunga, nyuma yamefunga, na mtumbwi umeanza kupasuka chini ya makalio yetu. Nililia mpaka nikaogopa machozi yangu yanaujaza mto.

Mama akasikia kilio, akaingia mtoni, maji yakamfika kifuani. Dada akaruka, akamning'inia mgongoni. Mimi nikakumbatia mtumbwi.

"Ruka, nitakudaka."

"Mama, nasubiri yapungue kwanza."

"Waitu, mtoto huyu! Utaota mvi hapo. Wewe umewahi kuona maji ya mto huu yakapungua?"

Nikafikiri. Nilikuwa sijawahi. Nikafumba macho, nikaruka.