Damu Iliyonikataa

Mimi si mtu wa kushtuka. Niliacha shule darasa la pili, nikashuka mashimo ya dhahabu ya Nyarugusu kwa kamba ya katani, nikafukiwa na kifusi hadi shingoni, nikatolewa, na kesho yake nikashuka tena. Dhahabu hiyo ndiyo iliyonijengea nyumba mtaa wa Kambarage na kuninunulia malori mawili. Mtu wa namna hiyo umwambie nini akashangaa?

Basi mke wangu alipovimba uso na miguu, na madaktari wa Mwanza wakasema mafigo yake yote mawili yamekufa, sikulia. Niliuza lori moja nikampeleka Bombay. Huko tulimkuta daktari Mhindi mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu mimi Msukuma. Akasema mke wangu ataishi akipata figo ya mtu mwenye afya. Nikafungua vifungo vya shati pale pale, nikamwambia achague upande. Walipopima, kundi letu la damu likawa moja. Nikajigamba wodi nzima.

Baada ya siku chache daktari akaniita. Alikuwa amechanganya chembe za damu yangu na maji ya damu ya mke wangu ndani ya kichupa. Chembe zangu zilikuwa zimekufa.

"Mzee, mmezaa watoto wangapi?"

"Saba. Wote wazima."

"Basi hao ndio waliokufungia mlango."

Akanieleza polepole. Mtoto ni nusu ya baba yake, na akiwa tumboni damu yake kidogo hupenya kwa mama. Mwili wa mama humvumilia yule mtoto, lakini mara nyingine huzikariri alama za baba kama za mgeni, ukatengeneza silaha na kuziweka akiba. Mke wangu alikuwa amefunzwa mara saba. Figo yangu ingewekwa asubuhi, jioni ingekuwa nyeusi.

Nikakaa sakafuni. Mimi huyu. Miaka yote ile kitanda kimoja, nikidhani damu yetu imeshakuwa moja, kumbe kila mtoto niliyejivunia alikuwa akimfundisha mama yake kunikataa. Nilipomweleza mke wangu, alicheka mpaka akakohoa.

"Baba watoto, ulikuwa unajisifu mkeo habishi. Kumbe damu ilikuwa inabisha."

Daktari akasema tutafute ndugu yake wa tumbo moja. Hapo nikashtuka tena, maana alikuwa na mmoja tu, kaka yake, mkulima wa Kharumwa, na tulikuwa hatusalimiani. Mahari ilikuwa ng'ombe ishirini na wawili. Nilitoa kumi na wanne, na kila wakwe walipodai waliobaki nilijibu kwamba wajukuu niliowapa wameshamaliza deni.

Nilituma ujumbe na nauli nikijua hatakuja. Akaja hadi Bombay, amevaa koti la kuazima. Akapimwa, na chembe zake zikabaki hai. Nikamtolea bahasha nene kabla hawajampasua. Akaisukuma kwa kidole.

"Figo siuzi, shemeji. Ni ya dada yangu. Ila umeona wale wanao walivyokulipia deni. Ng'ombe wa baba nawataka."

Mke wangu aliporudi nyumbani akitembea kwa miguu yake, nikawaswaga mwenyewe hadi Kharumwa: ng'ombe wanane, na dume la tisa juu yao, ambalo shemeji alisema ni faini ya ule utani wangu wa wajukuu.