Nilivyowasifia Wakwe Zangu Botswana

Sina haja ya kuficha, kwa sababu Mutsamudu nzima inajua na Moroni imeshasimuliwa: mimi ndiye yule kijana aliyekwenda ukweni kupanga harusi yake, akaishia kuinadi Botswana.

Ilikuwa miaka ile kisiwa cha Ndzuani kilipojitenga na visiwa vingine vya Komoro. Mchumba wangu Zaliha alikuwa kwao Mutsamudu, mimi nipo Magoudjou, Moroni, kisiwani Ngazidja, na kati yetu bahari ile ile ya siku zote, ila sasa kila upande ulikuwa na wakubwa wake na kila mkubwa alitaka kujua unavuka kufanya nini. Wazee wangu walikataa kunisindikiza, wakasema tusubiri mambo yatulie. Huko Mutsamudu nako walishaanza kusema Mngazidja huyu haji tena, binti apewe mwenye duka mmoja wa Patsy, kijiji cha hapo juu tu, mtu anayeweza kuja ukweni kwa miguu. Basi nikaenda peke yangu.

Sasa kosa lenyewe, maana lilianza dogo. Rafiki yangu Msa, aliyesoma Gaborone, alikuwa na kijitabu cha watalii chenye tembo kwenye jalada, nami nikakitia mfukoni ili nisome njiani. Boti ya mizigo ilitutikisa njia nzima, nikasoma, nikatapika, nikasoma tena (hakukuwa na kitu kingine cha kusoma isipokuwa onyo la kutovuta sigara), na tuliposhuka Mutsamudu nilikuwa naifahamu Botswana kuliko mtaa wetu.

Nikakaribishwa mkekani. Mama yake Zaliha alikaa karibu na mlango wa ndani, Zaliha mwenyewe nyuma ya pazia, na Mjomba Bakari, ambaye ndiye msemaji wa familia, akakaa mbele yangu na wanaume wengine watatu, mmoja wao mpakuaji wa bandarini mwenye mabega kama kabati.

"Haya mwanangu," akasema Mjomba. "Baada ya nikahi mtakaa wapi?"

Hilo kwetu si swali. Visiwani mwetu bwana harusi ndiye anayehamia kwa mkewe, nyumba anaikuta imejengwa na upande wa mwanamke, anaingia na kukaa ndani wiki nzima akilishwa na kutazamwa. Unatakiwa ujibu "hapa kwenu", kisha mnakunywa chai. Lakini mimi ni mtu wa riwaya, ukiniachia upenyo wa sentensi moja nitaupitishia sura nzima.

"Nilifikiri tuanze kwa kwenda Botswana," nikasema.

"Kufanya nini?"

"Kupumzika. Kutazama wanyama."

"Wanyama wa nani?"

"Hawana mwenyewe, Mjomba."

Wakatazamana. Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona hawajaelewa, nikatoa kijitabu, nikaanza kuwapa sababu. Nikasema kule kuna amani, mpakuaji akauliza, "Na hapa umekuta nini?" Nikasema ni nchi moja, watu wote chini ya bendera moja (bendera yao mpya ilikuwa imetundikwa ukutani, juu kidogo ya kichwa changu, niliiona baadaye). Nikasema ina nafasi, unaweza kwenda siku nzima usikutane na mtu.

"Amekosa nini binti yetu," Mjomba akauliza taratibu, "hata akafichwe kusiko na watu?"

Nikaona bora niwape uzuri wenyewe. Nikawaeleza usiku wa kule, nyota zilivyoshuka karibu na nyasi, mto unavyoingia mchangani badala ya kwenda baharini, na wewe umelala ndani ya hema, ukuta wako ni kitambaa tu, unamsikia simba akipumua upande wa pili.

"Hema," akasema mama yake Zaliha.

Akainuka, akaufungua mlango wa ndani. Kilikuwa chumba kipya, kuta zimepakwa chokaa, kitanda kimeshatandikwa, na dirisha moja limezibwa kwa bati kwa kuwa meli iliyobeba vioo haikuruhusiwa kuja kisiwani.

"Nilianza kukijenga Zaliha akinyonya," akasema. "Nieleze tena hilo hema."

Nikamjibu kwamba mahema yao yana choo ndani. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Yule wa Patsy," Mjomba akamwambia mpakuaji, "hana hema."

Nikaanza kutafuta viatu vyangu kwa macho. Hapo pazia likasogea kidogo.

"Mjomba, kabla hajaondoka muulizeni kitu kimoja," akasema Zaliha. "Kwenye kitabu chake Moroni imo? Mimi hata Moroni sijafika."

Hakuna aliyecheka. Miaka ile binti wa Mutsamudu kufika Moroni ilikuwa ndoto ya mbali kuliko tembo, nami nilikuwa nimemvusha bara zima bila kumuuliza.

"Haimo," nikasema. Kisha nikamgeukia mama yake. "Nitakaa hapa, mama. Katika chumba hiki."

"Kina baridi alfajiri, upande wa lile bati," akasema, akaenda kuleta chai.

Sijaisifia nchi yoyote tangu siku hiyo mbele ya mtu aliyejenga nyumba.