Kashata Zilizoleta Matanga Makongeni

Wengine huaibishwa na pombe, wengine na wanawake. Mimi niliaibishwa na kashata, tena za simsim, na mpaka leo nikikutana na mtu aliyekuwa jirani yangu Makongeni miaka ile ya sabini haniulizi habari za kazi wala za watoto, ananiuliza kama bado napika.

Nilikuwa karani wa reli, kapera wa chumba kimoja, na nilitaka kumwoa Mueni. Babake alikuwa Kitui na hakumwamini Mkikuyu asiyemjua, kwa hiyo akatuma watu wawili waliokuwa Nairobi waje wanione nyumbani kwangu: Mzee Nzioka, mjomba wake Mueni, na Shangazi Ndunge. Wakipeleka neno zuri, nimepata mke. Wakipeleka baya, nibaki na stovu yangu ya mafuta ya taa.

"Mjomba anapenda sana kashata za simsim," Mueni akaniambia. "Pitia soko la Gikomba ununue. Nunua, Kariuki, usianze mambo yako."

Basi nikaanza mambo yangu. Nilikaanga simsim, nikayeyusha sukari mpaka ikapata rangi ya chai iliyokolea, nikachanganya, na harufu ikawa tamu hadi nikajipongeza kwa sauti (mtu anayeishi peke yake huzoea). Hapo ndipo nikakumbuka sina sinia. Mama Otieno wa mlango wa pili alikuwa nalo, lakini ukimwomba kitu lazima kwanza umweleze wageni ni nani na wanataka nini, na sukari ya moto haingoji hadithi. Nikachukua gazeti. Msinicheke, Makongeni nzima ilifungiwa kwa gazeti: nyama, mandazi, omena, hata viatu. Nikalitandaza mezani, juu habari za mpira, nikamwaga, nikasukuma kwa chupa ya soda, nikakata vipande kabla hazijakauka. Upande wa chini sikuuangalia.

Zilikauka vizuri ajabu, ukivunja unasikia mlio. Ila gazeti lilikataa kutoka. Nilikwaruza kwa kucha, nikakwaruza kwa kisu, na nilipokuwa natafuta maji nikasikia hodi, Mueni amewaleta wageni. Nikazipanga sahanini karatasi ikiwa chini. Nani hugeuza kashata?

Mzee Nzioka hugeuza kashata. Tulikuwa tumeomba, tumeongea habari za kanisa, ameshaniita "kijana wangu" mara mbili, na meno yake yalikuwa machache, kwa hiyo akaanza kuzungusha kipande chake akitafuta pembe iliyo nyembamba.

"Mutiso," akasema. Tukadhani anaita mtu. Akavaa miwani. "Huyu si Mutiso? Mutiso wangu?"

Chini ya kashata kulikuwa na picha ya mzee mwenye tai, na juu yake: Tangazo la Kifo.

Mzee akaangua kilio. "Tulichunga mbuzi pamoja! Na wewe kijana ulijua, ukanikaribisha chai?"

Kuta za zile nyumba zilikuwa nyembamba. Mama Otieno akaingia leso ikiwa imefungwa kiunoni, akanikumbatia. "Pole mwanangu. Ni mama ama ni baba?" Kabla sijajibu alikuwa ameshatoka kuwaita wengine, mabenchi yakaja, wimbo wa kanisa ukaanza, na mimi katikati napiga kelele, "Jamani, hakuna aliyekufa!"

Mzee Nzioka akaniangalia kwa macho mekundu. "Kwani Mutiso si mtu?"

Kisha akauliza anazikwa lini. Ikabidi kashata zote zipinduliwe mezani, mbele ya majirani wote, Mueni akiunganisha kipande kwa kipande. Tukapata jina la mjane, tukapata watoto, tukapata kijiji, tukafika "atazikwa siku ya", na hapo pakawa na pengo la kashata moja. Wote tukamgeukia Shangazi Ndunge, shavu limejaa.

"Niliona karatasi," akasema, akameza. "Nikadhani watu wa reli ndivyo mnavyozila."

Waliondoka bila kumaliza chai. Mueni alisema neno moja tu mlangoni: "Nilikuambia ununue." Majuma mawili nilijua nimempoteza, na nililia, sifichi.

Mzee alisafiri kesho yake, akakuta Mutiso amezikwa mwezi uliopita (gazeti lilikuwa la zamani). Akasimama kaburini, kisha akamweleza mjane jinsi alivyopata habari, na yule mama akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Nadhani ndiye aliyenioza, kwa sababu kutoka huko Mzee alipitia Kitui akapeleka neno zuri.

Siku ya harusi alisimama kutoa mawaidha. "Mwanangu Mueni," akasema, "mumeo akikupikia kitu chochote, kwanza geuza uone chini."

Kashata sijapika tena na sitapika. Lakini hata chapati nikimwekea Mueni mezani, anaigeuza, ananitazama, ndipo anakula.