Nywele za Rahma Si za Bango

Mpwa wangu Editha anapiga picha pale Utemini, na akili kairithi kwangu, mimi niliyeishia darasa la tano baada ya kuwachosha walimu. Hapigi picha ya mtu bila mkataba. Watu wanamsema, eti anaringa. Wajinga wakubwa!

Juzi bibi harusi Rahma alipigwa picha akiwa kichwa wazi, zawadi ya kumpa mumewe tu. Yeye na Editha wakaandikiana mkataba kwamba mtu mwingine haonyeshwi. Kumbe msusi wake, Felista, anaitaka picha hiyo kwa bango la saluni yake, akaja studio kwa Editha nami nipo!

“Nywele nimesuka mimi,” akafoka. “Mkataba wa nini, kwani mmeuziana kiwanja?”

“Nywele umesuka, dada,” Editha akajibu. “Na uso je, umeusuka wewe?”

“Nipe bwana, hatajua.”

Hapo nikashindwa kuvumilia. “Felista, weka kichwa chako kwenye bango, tuone mteja gani ataingia!”

Akatoka anasonya, hata kuniaga mzee mzima hakuniaga. Editha akamwita Rahma, akamkabidhi picha yake, na iliyobaki kwenye kamera akaifuta mbele ya macho yake. Halafu mniambie mkataba ni maringo!