Vihisi Vyote, Neno la Siri Moja

Fundi amepiga magoti mbele ya mashine ya kutotolea vifaranga, jasho linamtiririka. Anatafuta bisibisi, na bisibisi iko mkononi. Mlangoni amesimama mama mkwe wake. Trei za mayai mapya ziko sebuleni. Mama hajasema kama atayaingiza.

"Baba, kunywa maji kwanza."

"Asante mama, nimekunywa." Amekunywa wapi? Muongo.

Fundi anafunga vihisi, vidude vinavyopima joto la mashine na kupeleka taarifa kwenye simu ya mwenyewe. Kwa simu hiyohiyo unapandisha joto, unashusha, unazima. Kila kihisi kinatakiwa kiwe na neno lake la siri, kama kila nyumba na kufuli lake. Huyu bwana akaviacha vyote na lile la kiwandani.

"Niliona wateja watasahau, wataanza kunisumbua," ananiambia, macho sakafuni. "Uvivu tu. Nisikudanganye."

Mwezi uliopita, mfugaji mwingine aliyefungiwa na fundi huyu alinunua simu mpya. Akaandika namba ya kihisi chake, akakosea tarakimu ya mwisho. Kihisi cha namba hiyo kilitakiwa kimkatae. Kikamkubali, maana neno la siri ni lilelile. Akazima mashine ili aisafishe. Kumbe kazima ya mama mkwe, na mama yuko msibani. Mayai mia nne yakapoa, yamebakiza siku mbili kuanguliwa.

Mama hakupiga kelele. Hapo ndipo palipommaliza.

"Angenitukana ningepumua. Akaniambia, 'Pole baba, unafanya kazi nyingi.' Pole mimi! Mayai yake yameoza, pole napewa mimi!"

Vidonge vyake alipewa nyumbani. "Mwanaume mzima," mkewe alimwambia, "unafunga mji mzima kwa kufuli moja, mpaka mlango wa mama yangu!"

Sasa anapita kwa wateja wote kubadilisha, na kila mmoja anamweleza sababu. Wanamcheka. Mmoja alimuuliza, "Kwa hiyo umevuliwa nguo ukweni?"

"Nikamjibu ndiyo, na bado nimechutama."

Anasimama, anampa mama simu kwa mikono miwili. "Weka neno lako, mama. Mimi nasubiri nje."

Mama anabonyeza polepole, kidole kimoja. Halafu anaita. "Nimemaliza. Na ikiharibika, wewe utaingiaje?"

"Siingii, mama. Nitakuomba unifungulie."

Mama anaguna. Anaenda sebuleni, anarudi na mayai. "Trei moja tu, baba. Tuone."

"Hata moja inatosha, mama."

Mama anayapanga moja moja kwenye mashine. Tukiwa barabarani namuuliza fundi anatarajia nini sasa. Hataji wateja wapya wala duka.

"Yakianguliwa hayo," anasema, "nitathubutu kumuomba trei ya pili."