Mjohoro wa Zizini

Mume wangu aliichukia miti, na sikumlaumu. Kabla hajanioa, mbung'o walimmalizia ng'ombe wote, mmoja baada ya mwingine, wakikonda na kufa mbele ya macho yake. Kwa hiyo serikali ilipoagiza miti ya Shinyanga yetu ifyekwe ili mbung'o wakose pa kukaa, yeye ndiye aliyetangulia na shoka. Kila mwaka baada ya mavuno ngoma ililia, wanaume wakaenda wakiimba, wakakata mpaka ukisimama mlangoni unaona nchi nzima. Mbung'o walikwisha kweli. Tukapata ng'ombe tena, na watoto watatu.

Lakini hakuna aliyeuliza wanawake watapikia nini. Kuni zilisogea, nami nikazifuata. Mwanzoni nilirudi kabla jua halijawa kali. Mwishowe nilitoka alfajiri nikarudi alasiri, shingo imezama mabegani. Siku nyingine tulipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, moshi ukatutoa machozi, na shamba likakosa mbolea. Mvua za kwanza zikija, udongo wote mzuri uliteremka mtoni. Nilichoka. Nilichoka mpaka nikawa nawachapa watoto bila kosa.

Ndipo mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, akatangaza kila kaya ipande miti. Sisi tukapewa miche saba ya mijohoro. Tulipanda asubuhi kijiji kizima, tukicheka, maana waliotukatisha ndio hao hao waliotupandisha. Kufika jioni mume wangu alikuwa ameng'oa sita. Nilimkuta ameushika wa saba, ndani ya zizi la ndama.

"Baba watoto, huo uache."

"Mbung'o hukaa mitini. Unataka nipoteze ng'ombe mara ya pili?"

"Basi utanipoteza mimi. Kuni za kesho kalete wewe!"

Yalikuwa maneno ya hasira tu. Kwetu mwanamume habebi kuni. Lakini mume wangu alikuwa mbishi, hakubali kushindwa na mwanamke. Aliuachia ule mche, na asubuhi akachukua shoka na kamba, akaondoka. Wanawake majirani zangu walikutana naye njiani, wakamsalimu kwa kicheko, "Mwangaluka, mwanamke mwenzetu!"

Alirudi jua linazama. Mzigo wenyewe ulikuwa wa vijiti, usingeivisha maharage. Aliutua, akakaa chini palepale, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Nikampa maji katika kibuyu. Sikuwa na nguvu ya kumcheka.

"Huko unakwenda kila siku?" akauliza.

"Karibu kila siku."

"Hata ulipokuwa na mimba ya huyu mdogo?"

"Mpaka siku niliyojifungua."

Alikunywa mafunda mawili. Kisha akainuka kwa shida na kibuyu chake, akaingia zizini, na maji yaliyobaki akaumwagia ule mche.